Kofi Lililochekesha Watu

Mama Redio alipofika saluni kwa mwanawe na bakuli la chakula mkononi, ubishi ulikuwa umeshapamba moto. Mteja aliyekuwa kitini alikuwa amenyolewa upande mmoja tu, kwa kuwa kinyozi alikuwa amezima mashine ili na yeye aseme lake.

"Kabati!" dereva wa lori alikuwa akipiga kelele. "Mpangaji kajificha kabatini, Bwana Kodi anawaita watu walibebe akaliuze, wanalibeba na mtu ndani! Nitajieni kichekesho cha siku hizi kinachofika hapo."

"Siku hizi wanapiga makelele tu, wanadhani ndiyo kuchekesha," alisema mzee mmoja mstaafu ambaye hakuja kunyolewa, maana hakuwa na nywele. "Lakini na nyinyi hamjaona kitu. Tafuteni zile filamu za zamani za kimya. Mtu anateleza, anaanguka, anainuka, anateleza tena. Hasemi hata neno moja, na wewe mbavu huna."

"Mzee, hizo ni za kuangalia ukiwa na usingizi."

"Wewe ndiye unayelala!"

Kinyozi akamwona mama yake mlangoni, uso ukamng'aa. "Ngojeni, ngojeni. Mwenyewe kaja. Mama, hebu waambie."

Mama Redio alijua wanachotaka. Kila aliyemjua mtaani alikitaka: muuza mboga kabla ya kumpa chenji, watoto wa shule wakimpita njiani, hata yule karani wa hospitali aliyemwita kwa jina hilo mbele ya wagonjwa wote. Akaweka bakuli kwenye kaunta, akafuta mikono kwa kanga, akasema bila kumwangalia mtu:

"Nani amezima redio?"

Saluni nzima ikapasuka kwa kicheko. Dereva alipiga magoti yake kwa viganja. Yule mteja wa kitini alitikisika mpaka kinyozi akamshika kichwa.

Maneno hayo yalitoka katika *Mpangaji Hatoki*, mchezo wa kuchekesha uliokuwa ukirushwa kila wiki zamani, wakati nyumba moja yenye runinga ilikuwa ikijaza mtaa mzima. Mama Redio alikuwa msichana aliyeolewa karibuni wakati huo, akiigiza mke wa Bwana Kodi, mwenye nyumba mkali anayeshindwa kumtoa mpangaji mmoja mjanja. Mchezo ulikuja ukafa, watu wakausahau, kisha simu zikaufufua. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa walikuwa sasa wanaujua kuliko waliouigiza. Na katika vipande vyote, kilichosambaa zaidi ni kile ambamo mke anaingia sebuleni na sinia la vyombo, redio ikiwa inapiga muziki, Bwana Kodi anageuka anamzaba kofi, vyombo vinamwagika, na yule mke anasimama, anatazama huku na huku, anauliza taratibu: "Nani amezima redio?" Na redio wala haijazimwa, bado inaimba. Hapo ndipo watu walipokuwa wakianguka chini.

Walichokuwa hawakijui, mwanawe akiwa mmoja wao, ni kwamba siku ile hakuwa akiigiza. Kwenye karatasi, mkono wa Bwana Kodi ulitakiwa upite mbele ya pua yake, na yeye ageuze uso kama aliyepigwa. Lakini asubuhi ile, wakati wa mazoezi, alimjibu aliyemwigiza Bwana Kodi kwa namna iliyowavunja mbavu mafundi wa taa na wapiga picha, na Bwana Kodi hakuwa mtu wa kuchekwa. Walipoanza kurekodi, mkono haukupita mbele ya pua. Ulitua wazi kwenye sikio la kushoto. Muziki ukakatika upande ule kama mtu amefunga bomba. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Sikio lilitoa damu, likatoa usaha, na halikusikia tena. Aliyemwambia alikuwa mumewe peke yake, na mumewe alimjibu kwamba wanaolalamika hawaitwi tena kazini. Mumewe alishafariki. Mtoto aliambiwa ni homa ya utotoni.

"Kura zimekwisha!" alisema Mwenyekiti, mwanamume mwembamba wa miwani aliyefanya kazi katika ofisi ya bima na ndiye aliyeanzisha kundi la mashabiki kwenye simu. "Kipande bora cha vichekesho cha wakati wote, ndugu zangu, si kabati. Ni kofi. Limeshinda kwa mbali. Mama, hongera sana. Jumamosi ukumbi wote ni wako."

Mama Redio akamwangalia mwanawe. "Jumamosi kuna nini?"

Kinyozi alikuwa ameshawasha mashine.

*

Mwanawe alimwambia jioni, mezani, akiwa na fulana yake ya kazini ambayo kifuani ilikuwa imechapishwa lile swali. Ndilo lililokuwa jina la saluni pia. Ukutani kwake kulikuwa na picha za mama yake akiwa na sinia, na wateja walitoka mitaa ya mbali kuja kupiga picha chini yake na kunyolewa wakiwa hapohapo.

"Ni sherehe ndogo tu, mama. Mashabiki wanakutana, kila mtu anasema alichokipenda, tunaangalia vipande, tunacheka. Na Bwana Kodi mwenyewe amekubali kuja."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Mguu ndio unamsumbua. Halafu mwisho mtarudia kile kipande. Kidogo tu, na kofi la hewani."

"Nani amesema nitarudia?"

Kinyozi akatafuna kwanza. "Mimi niliwaambia."

Mkewe, aliyekuwa akiuza dawa katika famasia na aliyekuwa amerudi na miguu iliyovimba kwa kusimama, akamtupia jicho. "Ulimwuliza mama?"

"Mama hajawahi kukataa. Hata leo saluni kasema."

Mama Redio akasukuma sahani yake mbele. Akawaeleza. Hakueleza kwa urefu, wala hakulia. Alisema kama mtu anayetaja bei ya kitu alichokwisha kukinunua. Kofi lilikuwa la kweli. Swali lilikuwa la kweli. Sikio limekufa kwa ajili hiyo.

Mkwe akaweka kijiko chini. "Na ile homa?"

"Hakukuwa na homa."

Kinyozi alibaki na tonge shavuni. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu kidevuni, lakini kwa muda ule sura yake ilikuwa ya mtoto aliyevunja kitu. "Sasa mama, kwa nini umekaa nayo miaka yote hii?"

"Ulikuwa ukienda shuleni unajivuna. Wenzako walikuwa wanagombania kukaa na wewe, mtoto wa yule mama wa kwenye runinga. Nikakuona unavyofurahi. Nikasema, basi."

"Ungeniambia kabla sijafungua saluni."

"Ungeiita jina gani?"

Kinyozi akainuka akanywa maji akiwa amesimama, akarudi akakaa. Aliporudi kusema, alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza mama yake.

"Mama, pole. Pole kweli. Lakini watu wameshaalikwa. Mwenyekiti ametangaza mpaka kwenye redio. Nikisema hutakuja, wataniuliza kwa nini, nitasema nini? Tufanye hivi: hakuna kofi. Nitaongea nao. Utakaa tu jukwaani, uwapungie mkono, tunarudi nyumbani. Nifanyie hilo."

"Mwache mama, bwana," alisema mkewe.

"Naongea na mama yangu."

Mama Redio akamtazama mwanawe na ile fulana yake. "Hakuna kofi?"

"Hakuna. Naapa."

"Haya."

*

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mama Redio alivaa gauni la bluu ambalo mkwe wake alilipiga pasi mara mbili, akaketishwa jukwaani kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Kitu cha kwanza alichokiona kando ya kile kiti ni meza ndogo, na juu yake sinia lenye vikombe na sahani za plastiki. Akageuka kumtafuta mwanawe. Kinyozi alikuwa chini, mstari wa mbele, akihangaika na nyaya za spika.

Mashabiki walikuwa wakipanda mmoja mmoja kwenye maikrofoni. Dereva wa lori alisimulia kabati lote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, akiigiza sauti za watu wote, na akapigiwa makofi. Mzee mstaafu alipanda kutetea filamu zake za kimya akazomewa kwa mapenzi. Mwalimu mmoja wa kike alisema baba yake, aliyekuwa hacheki nyumbani hata kwa bahati mbaya, alikuwa anacheka kwa mchezo ule tu, na wao watoto walikuwa wanamwangalia yeye badala ya runinga. Hata Mama Redio aliguswa, maana hakuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na nyumba ambamo mchezo ule uliwafanyia watu wema.

Kisha akapanda mwanamume mnene mwenye shati la maua.

"Mimi nawashukuru kwa kuniokolea ndoa," alisema. Watu wakaanza kucheka kabla hajamaliza. "Mke wangu huyu hapa, simama mke wangu, akianza maneno yake hatulali. Zamani nilikuwa nahangaika. Siku hizi nainua tu mkono hivi," akainua kiganja, "namwuliza: nani amezima redio? Kimya!"

Ukumbi ukavuma. Mkewe alikuwa amesimama kama alivyoambiwa, amejifunga kitambaa cha kijani kichwani. Alikuwa anatabasamu kwa mdomo tu. Mama Redio akauona ule mkono wa mwanamke ulivyokuwa umeshika mgongo wa kiti cha mbele yake, ukiwa umekaza.

Hapo ndipo Bwana Kodi alipoingizwa, na watu wakasimama wote. Alikuja kwa fimbo, ameshikwa kwapani, suti imemzidi mwili. Alipoketishwa karibu na Mama Redio, alitweta kwanza, akameza mate, kisha akasema kwenye maikrofoni kwa ile sauti yake ya zamani: "Wewe mwanamke, chakula kiko wapi?" Ukumbi nusura uanguke.

Makofi yalipopungua, akamwinamia Mama Redio kwenye sikio la kulia, akamnong'oneza. "Wananiambia hutaki kofi."

"Sitaki."

"Kwa nini unanifanyia hivyo na uzee huu? Wamekuja kuona hilo." Alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote. "Bila lile kofi, nani angekujua wewe?"

Hakuwahi kufikiri kwamba mtu huyo hakumbuki. Miaka yote aliwaza kwamba popote alipo analo moyoni, linamchoma hata kidogo. Kumbe alikuwa amelihesabu kuwa zawadi aliyompa.

Taa zikapunguzwa, kipande kikaonyeshwa ukutani, kikubwa kama mlango wa ghala. Akajiona msichana, kiuno chembamba, anaingia na sinia akiwa na furaha, maana alikuwa bado ana kile kicheko cha mafundi kichwani. Akaliona lile kofi. Akauona uso wake mwenyewe ukitazama huku na huku. Watu walitamka swali kwa pamoja, ukumbi mzima, kama sala, kisha wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Taa zikawashwa. Mwenyekiti akamletea maikrofoni kwa kuinama kidogo.

"Mama, neno moja tu kwa mashabiki wako."

Akasimama. "Kofi lile lilikuwa la kweli," alisema.

Wakacheka.

"Nasema kweli. Hakutakiwa kunigusa. Alikasirika kwa sababu watu walichekeshwa na mimi kuliko yeye. Alinipasua sikio. Hili hapa. Halisikii mpaka leo."

Alipogusa sikio wakacheka zaidi, kwa kuwa sauti yake, ikipanda kwa hasira, ilikuwa ileile ya mke wa Bwana Kodi, na mkono wake uliinuka vilevile.

"Msicheke," alisema. "Nawaombeni msicheke. Niliuliza kwa sababu sikusikia kitu. Nilikuwa sijui kimetokea nini. Mnachokicheka ni mtu anapokuwa kiziwi."

Safari hii kicheko kilikatika katikati ya ukumbi, kikabaki pembeni, kisha nako kikafa. Watu walitazamana. Mwalimu wa kike aliziba mdomo. Bwana Kodi alikuwa anaangalia fimbo yake. Palikuwa kimya, na katika kimya kile Mama Redio alidhani amesikika.

"Nani amezima redio!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma kabisa.

Ukumbi ukalipuka. Walicheka kwa nguvu kuliko mwanzo, kama watu waliotolewa mzigo kichwani. Walipigana mabegani. Mwenyekiti akamnyang'anya maikrofoni taratibu huku akipiga makofi juu ya kichwa. "Kipaji, ndugu zangu! Kipaji hakizeeki! Ametupata wote!"

Mama Redio akamtafuta mwanawe. Kinyozi alikuwa amesimama mstari wa mbele pamoja na wengine, macho yako sakafuni. Viganja vyake vilikuwa vinapiga makofi.

*

Kesho yake mkwe hakwenda kazini. Alikaa jikoni na simu, akisoma kimoyomoyo, akiguna.

"Nisomee," alisema Mama Redio.

"Mama, hayafai."

"Nisomee, mwanangu."

Kundi la mashabiki lilikuwa halijalala. Mtu mmoja amerekodi maneno yake ukumbini, na sasa wanabishania hilo kama walivyokuwa wakibishania kabati. Mmoja amesema ni uigizaji bora kuliko wote aliowahi kuuona. Mwingine amesema kama ni kweli, mbona alikaa kimya akala umaarufu? Mwingine ameandika kwamba zamani mambo yalikuwa hivyo, watu walikuwa wagumu, siku hizi kila kitu ni malalamiko. Mwingine amesema amemharibia utoto wake. Dereva wa lori ameandika kwamba yeye tangu mwanzo alisema kabati. Katikati yao mtu mmoja ameandika maneno mawili, *Mimi sikucheka*, na hakuna aliyemjibu.

"Na mume wako? Kaandika?"

Mkwe akaivuta simu karibu na kifua.

"Nisomee."

"'Ndugu mashabiki, msigombane. Mama alikuwa anaigiza, mnajua alivyo. Hajambo kabisa na anawasalimu. Karibuni saluni.'" Mkwe akageuza simu kifudifudi mezani. "Nimemwambia afute. Amesema nisimwingilie."

Kinyozi aliporudi, alikuta mama yake amekaa sebuleni, mapazia ya watu anayoyashona yakiwa yamekunjwa pembeni, hakuyagusa. Alijua kabla ya kuambiwa.

"Niliandika vile ili wasije kukusumbua hapa nyumbani," alisema.

"Siku ile mezani, uliniamini?"

"Nilikuamini, mama. Mbona unauliza hivyo?"

"Na bado unaniamini?"

"Naamini."

"Na wao umewaambia mimi mwongo."

"Sikusema mwongo, nilisema unaigiza!" Akajishika kichwa. "Mama, nielewe na mimi. Tangu asubuhi mtu akiingia anauliza, ni kweli au si kweli? Nikisema kweli, anaketi vipi chini ya zile picha anyolewe? Nani atakaa pale? Mimi sijui kazi nyingine. Bwana Kodi hajanipa chochote, Mwenyekiti hajanipa chochote. Ni lile neno tu ndilo linalotulisha humu ndani."

"Najua linalotulisha," alisema mama yake. "Nililisema mimi."

Akasimama, akaingia chumbani kwake. Hawakugombana tena. Siku zilizofuata chakula kilipikwa, kikaliwa, na mtu akimwomba mwenzake chumvi alipewa. Bakuli la mchana mkwe ndiye aliyelipeleka saluni, akipita kabla ya zamu yake.

*

Yule mwanamke wa kitambaa cha kijani alikuja mchana wa jua kali, akapiga hodi akiwa anatazama nyuma yake. Mama Redio alimkumbuka. Akamkaribisha, akampa maji. Mgeni alikunywa yote, akakaa na glasi mapajani.

"Dada, sitakaa sana. Nimeaga naenda sokoni," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika. Kwenye kundi. Mume wangu hajui kama ni mimi, namba ni ya mdogo wangu."

"Wewe ndiye hukucheka."

"Nimecheka sana miaka yote, dada. Ukweli nitakwambia. Hata mkono ukiwa umeinuliwa mbele ya uso wangu nilikuwa nacheka, ili wanangu waone ni mchezo. Siku ile tu ndiyo sikuweza." Akaishusha glasi sakafuni. "Walikukatiza. Nimekuja ili umalize."

Mama Redio hakujua aanzie wapi. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba. Akaanzia asubuhi yenyewe, jinsi alivyoamka mapema kwa furaha, jinsi alivyozisuka nywele zake akiwa anayarudia maneno yake mbele ya kioo, mafundi walivyocheka, na Bwana Kodi alivyonyamaza.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Kinyozi, amekuja kuchukua kitu, amevaa shati safari hii, siyo ile fulana. Akamwona mgeni, akaona macho yao wote wawili.

"Shikamoo," mgeni alisema, kwa kutojua la kusema, ingawa yeye alimzidi Kinyozi umri.

"Kaa, mwanangu," alisema Mama Redio. "Namsimulia siku ile. Hata wewe hujaisikia yote. Kaa usikie."

Kinyozi alisimama akiwa ameshika kitasa. Aliangalia kiti kilichokuwa wazi.

"Kuna watu wananisubiri, mama," alisema. Akatoka, akaurudisha mlango polepole asije akaubamiza. Walimsikia akipita chini ya dirisha, anakwenda haraka.

Mgeni akasogeza kiti chake karibu na Mama Redio.

"Enhe," alisema mgeni. "Ukauliza lile swali. Kisha?"

"Kisha wakafuta damu. Wakanipa taulo, wakaokota vigae, wakaleta sinia jingine."

"La nini?"

"La kurudia. Mwongozaji alitaka kuwa na kipande kingine cha akiba. Nikasimama palepale mlangoni, nikaingia, akanipiga tena, palepale."

Mgeni akaweka mkono mdomoni. "Mara ya pili?"

"Mara ya pili nilijua linakuja, nikafumba macho," alisema Mama Redio. "Mwongozaji akakitazama, akakitupa. Akasema hakichekeshi."